Mahali pa Kidole Gumba

Mbesa,
9 Juni 1991

Kaka yangu Kajetani,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Huku tunaamka na kulala salama, tukiacha vumbi ambalo mwaka huu limeanza mapema na limetuletea vikohozi. Mahindi tumeshaingiza ndani. Shemeji yako Mathias anakusalimu, na wanafunzi wangu wa darasa la tatu wangekusalimu pia kama wangekuwa na adabu.

Mama yupo. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, sasa anatofautisha mwanga na giza, basi. Lakini mdomo ni ule ule. Jana kaniambia chumvi nimeitia kwa kijiko cha benki.

Kaka, nina habari mbaya ya bakuli lake la uji. Nililiosha, nikalianika kwenye kichanja, nikaenda shule. Narudi jioni, jua limelipasua kutoka ukingoni mpaka chini. Nimempa la bati, likamuunguza. Nimempa la plastiki, haya mapya yaliyojaa madukani, likamteleza akajimwagia. Unakijua kidole chake gumba, tangu jembe lilipokipiga kikapinda na kukakamaa, hakishiki kitu cha mviringo. Lile lako lilikuwa na kile kishimo ulichomchongea chini ya ukingo. Alikuwa analizungusha kidogo, kidole kinaingia, anasema, “Mahali pangu hapa,” halafu anakunywa bila kumwaga hata tone.

Tafadhali mkerezee lingine. Na ulilete mwenyewe Krismasi. Anataka kukusalimia kwa ile salamu yake ya kukamata mikono yote miwili na kukataa kuiachia mpaka umemaliza habari zote.

Kwenye kifurushi kuna sweta. Nimelifuma mwenyewe, maana najua Songea mwezi wa saba ilivyo. Sikumbuki urefu wa mikono yako, kwa hiyo nimeiacha mirefu. Utaikunja.

Mdogo wako,
Lidwina


Lizaboni, Songea,
30 Juni 1991

Mdogo wangu Lidwina,

Milele amina, na marahaba sana. Dereva Kassimu kaleta kifurushi na barua, na gari lake kaliacha linaunguruma barabarani mpaka majirani wakatoka kuangalia. Sisi wazima. Edna analalamika kwamba chini ya kitanda chetu kuna magogo ya mninga na yeye hana pa kuweka viatu. Nimemwambia mbao inakauka polepole, kivulini, na viatu haviharibiki hata vikikaa mlangoni. Hakucheka.

Sweta nimelivaa hapa ninapoandika. Mikono inanifika kwenye kucha, Edna ananiita padre. Lakini joto lake, dada, sitaki kulivua.

Bakuli la Mama niachie mimi. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuchapa: chombo cha mninga unakianika juani kama dagaa! Na nikwambie jambo. Lile cherehani bovu nililoligeuza kuwa mashine yangu ya kukerezea nimelistaafisha. Siku hizi kila kitu ruksa, ukiwa na subira kidogo unakipata, na mimi nimepata mota. Nimeifunga ukanda na mhimili, ukiiwasha gogo linazunguka hadi hulioni. Kazi ya Jumamosi mbili naimaliza kabla ya chai. Nikitoka ofisini mbio mbio uani, maranda yananifika magotini, na hakuna mkubwa wa idara anayenifuata huko kuniuliza faili.

Mama usimwambie habari za mota. Alishaniambia zamani kwamba chombo cha kuzunguka kiendeshwe na mguu wa anayekishika. Ya kale hayo.

Krismasi nipo kwenu. Niandalie jogoo.

Kaka yako,
Kajetani


Mbesa,
20 Oktoba 1991

Kaka Kajetani,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Hatujambo. Mikorosho imezaa vizuri. Mathias ameanza kujenga jiko la nje. Mama anakohoa usiku, mchana ana nafuu.

Nimekuandikia mara mbili tangu Agosti, kimya. Nimemuuliza Kassimu, anasema kila akipita Lizaboni anamkuta shemeji Edna tu mlangoni, anaambiwa umelala au umetoka. Tangu lini wewe ukalala mchana? Kama tumekukosea, sema. Mama anauliza bakuli, na akishauliza bakuli anakuuliza wewe, na akishakuuliza wewe ananikasirikia mimi.

Sweta lingali zima?

Mdogo wako,
Lidwina


Lizaboni, Songea,
17 Novemba 1991

Lidwina,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata. Samahani kwa kimya, kazi zimekuwa nyingi ofisini na homa za hapa na pale. Edna hajambo.

Kassimu anakuletea bakuli. Ni la mninga, limekauka vizuri, limepakwa mafuta ya alizeti. Mpe Mama.

Krismasi sitaweza. Usiniulize sana, ni kazi.

Kajetani


Mbesa,
12 Januari 1992

Kaka Kajetani,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Mvua zimeshika. Barua hii sijui utaipata lini, magari yanakwama kwenye matope kabla ya kufika Namtumbo.

Bakuli lilifika. Ni zuri, jembamba, linang'aa, mtu angeliweka kwenye kabati la vioo. Nilitia uji nikampa Mama. Akalipokea, akaanza kulizungusha. Akazungusha, akazungusha, kidole kinapapasa ukingo wote, uji unapoa. Akaniuliza, “Mahali pangu pako wapi?” Nikamwambia, “Mama, tafuta tu, papo.” Sikuwa nimeangalia. Nilipoangalia, hakuna kitu. Laini pande zote.

Akaliweka chini, akasema, “Hili hakulifanya Kajetani.”

Kaka, umelinunua? Niambie tu. Umekuwa mtu mkubwa wa mota, unawakerezea wenye hoteli vikombe na vinara vya mishumaa, na mama yako unamtumia kitu cha dukani? Hata Kassimu amesikitika. Anasema ulimpa kifurushi kwa mkono mmoja, kama unamtupia mbwa mfupa, mkono wa pili umeuzika mfukoni. Mama yetu alitulea kutoa kitu kwa mikono miwili. Na barua yako yenyewe mistari inapanda mlima kama ya mtoto wa darasa la kwanza, bila shaka uliiandika umesimama ukikimbilia mambo yako.

Mama alisema na neno jingine baada ya pale, lakini siliandiki. Ni maneno ya uzee, na kwa hasira niliyonayo sioni sababu ya kukutetea.

Sweta hujanijibu.

Lidwina


Lizaboni, Songea,
30 Machi 1992

Mdogo wangu Lidwina,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, imenifika juzi. Niliisoma ofisini, nikaikunja, nikaisoma tena nyumbani. Edna kaniuliza umeandika nini nikamwambia tunasalimiwa.

Una haki. Bakuli si langu. Alilikereza Ramson, fundi wa mtaa wa pili, ana mkono mzuri kunipita. Sikumwambia habari ya kidole cha Mama. Siku ile nilikuwa sina akili ya kukumbuka kitu chochote, na hilo ndilo linaloniuma, maana sikuwahi kulisahau hata siku moja kabla ya hapo. Kumbe alivyolizungusha! Nimekuwa nikimwona mchana kutwa, analizungusha.

Mengine usiniulize. Vikombe vya hoteli sijawahi kutengeneza. Mota nimeiuza. Nimerudi kwenye cherehani.

Namtengenezea Mama bakuli mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nimekata gogo jipya. Mpe subira hadi kiangazi, nitalileta mwenyewe. Sitaki kuja kabla sijalimaliza. Mwambie hivyo, au usimwambie, utakavyoona.

Kaka yako,
Kajetani


Mbesa,
5 Julai 1992

Kaka Kajetani,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Mathias alivunjika meno mawili kwenye baiskeli, sasa anapiga miluzi akisema “samaki.” Nakuandikia hilo ili ucheke, maana yanayofuata hayachekeshi.

Mama haendi tena barazani. Namtoa kitandani kwa kumbeba, na amekuwa mwepesi, kaka, hata sitaki kukuandikia wepesi wake. Uji anakunywa kwa kijiko, mimi ndiye ninayemlisha. Bakuli la Ramson nimelitia chumvi, lipo jikoni.

Njia imekauka. Magari ya tumbaku yanapita kila wiki. Panda. Mama hataki bakuli, nakuambia wazi, anataka mtu. Kila gari likisimama anageuza uso mlangoni. Njoo mikono mitupu.

Nilikuandikia kwa hasira mwezi wa kwanza. Hasira imekwisha. Njoo.

Lidwina


Lizaboni, Songea,
16 Agosti 1992

Mdogo wangu Lidwina,

Marahaba, na pole sana kwa kumuuguza Mama peke yako. Mpe pole Mathias na miluzi yake. Edna amecheka, mimi pia kidogo.

Nivumilie tu. La kwanza lilipasuka. La pili lilinichomoka likapiga ukuta, kuku wakakimbilia kwa jirani. La tatu ndilo hili, umbo limekaa vizuri, bado limenenepa upande wa chini na nalikwangua taratibu. Natumia muda mrefu kwa kitu ambacho zamani ningekimaliza kati ya misa ya kwanza na ya pili. Mwezi ujao, au ule unaofuata, nitakuwa nimemaliza.

Unasema nije mikono mitupu. Lidwina, hicho ndicho nisichokiweza. Nataka kuingia kwa Mama nikiwa na kitu cha kumwekea mikononi. Akishashika bakuli hatashika kitu kingine.

Mwambie nakuja.

Kajetani


Lizaboni, Songea,
6 Desemba 1992

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima, na mvua zimefungulia bomba.

Bakuli lilikwisha wiki iliyopita. Nililifunga kwenye kitambaa, nikapanda gari. Tumefika Namtumbo, mbele hakupitiki, daraja la magogo limekwenda na maji. Nimelala pale kwenye viti vya mgahawa, nikangoja, hakuna gari hata la kumwahidi mtu. Nimerudi nyumbani jana, tope mpaka shingoni. Kassimu anasema atajaribu kupita maji yakipungua, kwa hiyo nampa bakuli na barua hii. Kwa kuwa siji mwenyewe, na wewe umechoka na mafumbo yangu, ngoja niseme.

Mwaka jana, mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi, niliwasha mota nikiwa nimevaa sweta. Nilikuwa nimekunja mikono lakini wa kushoto ulikunjuka, gogo likaudaka. Cherehani ukiondoa mguu linasimama. Mota haikujua kama kuna mtu. Edna ndiye aliyechomoa waya. Hospitali walinihudumia vizuri, lakini vidole vitatu vya katikati havikuokolewa. Mkono wa kushoto nimebaki na gumba na kidole cha mwisho, kama koleo.

Ndiyo maana mistari ilipanda mlima: nilikuwa siwezi kushikilia karatasi. Ndiyo maana Kassimu nilimpa kifurushi kwa mkono mmoja.

Kila barua uliniuliza sweta. Ningekujibuje? Ulilifuma wewe, kwa mapenzi, ukaniambia nikunje mikono, na kosa la kuvaa nguo ndefu mbele ya mashine ni langu, fundi yeyote mwenye mwezi mmoja kazini analijua. Sikutaka ulibebe. Na Mama sikutaka anishike. Nilijua angekamata mikono yote miwili na kuhesabu. Nikajiambia, nitakwenda nikishakuwa na bakuli nililolitengeneza kwa mkono huu huu, nimwekee, alizungushe, apapate mahali pake, na hapo hata akinishika asiumie sana. Kiangazi chote njia ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa uani nikikwangua. Najuta, Lidwina. Nimejuta kwenye viti vile vya Namtumbo usiku kucha.

Mahali pake nimepachimba vizuri. Mpe ajaribu.

Kaka yako,
Kajetani


Mbesa,
24 Januari 1993

Kaka yangu,

Shikamoo. Taarifa najua ulizipata kwa redio ya misheni, mtu akakuletea nyumbani, na najua kwamba tulikuwa tumeshamzika Mama. Tusingeweza kungoja, na hata tungengoja usingepata njia. Watu walikuja wengi, Wakristo na Waislamu. Mathias alilia kuliko mimi. Pole, kaka. Pole na shemeji Edna.

Kassimu alifika wiki hii. Amenipa kifurushi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Nadhani ulikuwa umemwonyesha.

Barua yako niliisoma jikoni. Habari ya sweta ilinifanya nikae chini sakafuni. Sikulaumu kwa kunificha, ila nimelia. Mikono ile niliikisia tu, nikasema bora izidi. Ningeweza kumwuliza shemeji Edna urefu wako. Usiniambie si kosa langu, nimeshajiambia mwenyewe na haijasaidia.

Na sasa nikuandikie lile neno ambalo mwaka jana nilikataa kuliandika. Siku Mama alipozungusha bakuli la Ramson akakosa, aliliweka chini. Mimi nikaanza kukusema vibaya. Akanikatiza. Akasema, “Nyamaza wewe. Mtoto huyu hawezi kunisahau kidole. Ameumia mkono, anaona aibu. Mwandikie aje hivyo hivyo, nimshike.”

Mimi nikaona ni mama mzee anamtetea mtoto wake wa kiume, kama siku zote. Nilikuwa nimekasirika. Sikuandika. Miezi ile yote uliyokuwa unakwangua, yeye alikuwa anajua, anakungoja na mkono wako ulivyo, na mimi niliyekuwa katikati ndiye niliyelifungia neno lake. Aliniuliza mara nyingi, “Ulimwandikia?” Nikajibu nimeandika.

Siwezi kuomba msamaha kwa barua. Ukija nitakuomba.

Bakuli ninalitumia mimi. Asubuhi natia uji, nalizungusha mpaka napapata mahali pake, najaribu kuweka kidole changu. Hakikai. Changu kimenyooka.

Mdogo wako,
Lidwina


Lizaboni, Songea,
14 Machi 1993

Mdogo wangu Lidwina,

Marahaba, mama. Leo nakuita hivyo kwa sababu huku kwetu hakuna mwingine aliyebaki wa kuitwa. Edna anakusalimu. Lile sweta alilishona pale lilipochanika, akaikata mikono yote miwili, amelifanya kizibao. Nimelivaa. Kifua bado kinapata joto.

Barua yako niliipeleka uani nikaisoma nimekaa kwenye maranda. Mwanzoni nilikukasirikia, siwezi kukudanganya. Ningeandikiwa neno lile Januari, ningetembea kwa miguu. Halafu nikajiuliza: ningetembea kweli? Au ningekuandikia kwamba bakuli bado limenenepa upande wa chini? Sijui. Wewe ulimficha Mama nami nikakuficha wewe. Mzee wa watu hakuwa na macho, na ni yeye tu aliyekuwa anaona. Basi yaishe kati yetu. Nimekusamehe na wewe unisamehe, tukionana tusianze kuulizana.

Njia ikikauka baada ya Pasaka nakuja. Sina mzigo wowote, hakuna bakuli, hakuna kinara. Utanipokea kama alivyokuwa anatupokea, mikono yote miwili, na mimi sitauzika wowote mfukoni. Unipeleke kaburini siku hiyo hiyo, kabla ya chakula.

Kuhusu bakuli: ukiosha, liweke kivulini. Litumie kila siku, mbao isiyoguswa na chakula inakufa. Ila usilazimishe kidole chako, Lidwina. Pale si pako wala si pangu. Wewe shika upande wa pili.

Kaka yako,
Kajetani